Homa ya Uji

Kwanza nikiri, kwa unyenyekevu unaomfaa mtu wa kidato cha tatu, kwamba mimi Njambi ndiye niliyevumbua homa ya uji. Unauchukua uji wa moto, unaushikilia mdomoni hadi uhesabu sitini, unameza, kisha unakimbia zahanati ya shule kabla ulimi haujapoa. Themometa ya Sista Wacera inapanda hadi thelathini na tisa, nawe unapumzishwa siku nzima huku wenzako wakipalilia mahindi ya shule. Muhula wa kwanza wa mwaka 1986 niliugua mara nne. Nabwire, jirani yangu wa kitanda, aliugua mara tano, kwa kuwa alizaliwa na uso wa huzuni.

Mwezi wa saba, baridi ya Eldoret ikiwa imetushika masikio, Nabwire alianza kuchechemea. Alisema nyonga inamchoma ndani ya mfupa. Nikampongeza kwa ubunifu.

"Njambi, hii ni kweli."

"Kweli kabisa. Sasa ongeza kilio kidogo."

Themometa ilipanda. Sista, ambaye alikuwa ameanza kutushuku, aliniita nikasimama wima chini ya picha ya Rais.

"Wewe ndiye rafiki yake. Huyu ni mgonjwa, ama ni ule mchezo wenu?"

Nabwire alinitazama. Lakini kwenye benchi walikuwepo wasichana watatu wenye mafua, na mimi sijawahi kuwanyima watu burudani. Nikainamisha kichwa kama mchungaji mazishini.

"Tumwombee, Sista. Ni uji."

Benchi zima likacheka. Hata Sista alitabasamu. Nabwire akapewa aspirini mbili na jembe.

Wiki tatu baadaye alianguka paredi ya asubuhi, bendera ikipandishwa. Baba yake, Mzee Wanyama, karani wa ghala la mahindi Moiben, akampeleka hospitali Nairobi. Kutoka huko Nabwire aliniandikia barua moja tu.

"Eksirei haikuonyesha kitu. Sasa wamenidunga dawa yenye miale. Daktari anasema inasafiri kwenye damu, inakwenda kukaa pale penye usaha na wadudu. Unangoja siku mbili, halafu unalala chini ya kamera kubwa bila kutikisika. Wewe ungeshindwa. Nyonga yangu imewaka kama taa. Daktari akaniambia, 'Pole, umeumwa sana wewe.' Njambi, nililia. Hakuniuliza nimekunywa nini."

Walimpasua, wakatoa usaha, lakini wadudu walikuwa wameshaenea kwenye damu. Alikufa Jumanne. Sisi tulitangaziwa Jumatano, kabla ya somo la hesabu, kisha tukafundishwa hesabu.

Mzee Wanyama alikuja kuchukua sanduku la bintiye. Aliniita nje ya bweni, akanipa bahasha kubwa ya kaki.

"Alisema hii ni yako."

Ndani mlikuwa na filamu ya ile kamera kubwa. Niliiinua juani. Kivuli cha mifupa ya rafiki yangu, na kwenye nyonga ya kushoto, doa jeupe. Juu ya bahasha kulikuwa na mwandiko wake: *Mwambie Sista huu si uji.*

Nilicheka. Mbele ya baba wa marehemu, nilicheka, na kile kicheko kikakataa kuisha, kikageuka kitu kingine. Mzee akanishika bega.

"Maana yake nini, mama? Nimesoma, sikuelewa."

Nikamweleza. Uji, benchi, aspirini, jembe. Kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza chumvi. Alinisikiliza huku akifungua na kufunga kufuli ya sanduku.

"Alikuwa amesimama hapo ukisema hivyo?"

"Ndiyo, Mzee. Alikuwa ananiangalia."

Akaifunga kufuli. Wasichana walipita wakielekea bwaloni na vikombe vyao.

"Basi twende kwa huyo Sista," akasema. "Umwambie mimi nikiwa hapo."

Akaniachia sanduku nilibebe. Bahasha aliishika mwenyewe, kwa mikono miwili.