Gari la Fundi Linalia

Josée alipogeuza ufunguo, gari lilitoa mlio mkali na mwembamba, kama wa nguruwe anayeburutwa kwa mguu, na wanawake waliokuwa wakichota maji bombani upande wa pili wa barabara wakageuza vichwa kwa pamoja. Hakuna aliyecheka. Huko kutocheka ndiko kulikomuumiza mumewe, Sadrack, aliyekuwa ameketi kibarazani na fimbo yake katikati ya magoti. Zamani wangemtania mpaka jioni: fundi wa mtaa mzima wa Mangobo, na gari lake linalia! Sasa walimtazama mara moja, wakarudisha macho kwenye ndoo zao.

"Zima," alisema. Tangu apatwe na kiharusi, maneno yake yalitoka mazito, kama yamefungwa ndani ya kitambaa.

"Papa Déborah, tutachelewa. Daktari wa mazoezi anatungoja," alisema Josée, akimwita kwa jina la binti yao.

"Zima. Siendi."

Josée alizima.

Sadrack hakuwa fundi wa kubahatisha. Watu walivuka mji mzima kumletea magari yaliyokwisha kukatiwa tamaa, naye alikuwa na desturi ya kutosimama wanapoingia. Aliendelea na kazi yake, akasikiliza gari likikaribia, na kabla dereva hajashuka alikwisha kusema kinachouma. Kisha asubuhi moja alianguka karibu na lori la mtu, spana ikiwa mkononi, na alipozinduka hospitalini mkono ule wa kulia ulikuwa umelala kando yake kama kitu cha mgeni aliyekisahau. Mguu ulirudi kidogo. Mkono ulikataa.

Alipokuwa bado kitandani, rafiki yake Alfani, fundi mwenzake, alikuja kulikagua gari lake bila kuombwa. Alifungua alternateri, kile chombo kinachozalisha umeme wa gari, akabadilisha vilivyochakaa ndani yake, akairudisha. Josée, ambaye maisha yake yote alipanda pikipiki au toleka, baiskeli za abiria, aliomba afundishwe kuendesha, kwa sababu mumewe hakuweza tena kukaa juu ya pikipiki bila kudondoka. Alijifunza haraka na kwa hofu nyingi. Haikupita muda gari likaanza kulia, kwanza asubuhi tu, baadaye kila lilipowashwa. Josée alipaka sabuni kwenye mkanda, kama alivyoona madereva wa teksi wakifanya. Likanyamaza siku hiyo. Kesho yake likalia zaidi, na Sadrack, alipojua habari ya sabuni, hakusema naye mpaka usiku.

Sasa alikuwa amekataa kwenda mazoezini kwa mara ya tatu. Daktari alikwisha kumweleza Josée, kwa upole na bila kuficha, kwamba mkono ukiachwa hivyo utakakamaa, na ukishakakamaa hakuna wa kuuamsha.

Aliingia ndani. Sadrack alidhani amekwenda kulia. Alipotoka, alikuwa amevaa ovaroli la mumewe, mikono imekunjwa mara mbili, kiunoni amelifunga kwa kipande cha kitenge.

"Bon," alisema. "Kama haliwezi kutoka likilia, tulinyamazishe. Wewe uniambie, mimi nifanye."

"Wewe?"

"Unamwona mwingine hapa?"

Aliweka kiti karibu kabisa na gari, akamshika mkono mzima akamkalisha hapo, akafungua boneti, akasimama akingoja. Sadrack alitazama injini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanguke, na harufu ya mafuta ya zamani ilimpanda kichwani ghafla kama harufu ya nyumba aliyozaliwa. Alitaka kuinuka aondoke. Lakini kuinuka kulihitaji fimbo, na fimbo ilikuwa imebaki kibarazani, na Josée, iwe kwa kusahau au kwa makusudi, hakuwa ameileta.

"Toa waya wa betri kwanza," alisema mwishowe. "Ule mweusi. Nipe... leta kijiko."

Neno lilikuwa limetoka silo. Alilijua mara tu lilipomtoka, na uso ukamwaka. Kilichomtesa katika ugonjwa ule ni hicho: vitu alivyovishika miaka yote vilikuwa vimebadilishana majina kichwani mwake. Josée aliinama kwenye sanduku, akachukua spana, akaiinua.

"Hii au ile kubwa?"

Ndivyo tu. Hakumsahihisha, hakumtazama kwa yale macho ya watu wa bombani. Sadrack alionyesha kwa kidole cha kushoto.

"Ile ndogo."

Wakafanya kazi. Akamwonyesha kwa mkono wa kushoto mahali mkanda ulipopita, kutoka gurudumu la injini mpaka gurudumu la alternateri. Akamwambia aubonyeze katikati kwa kidole gumba. Ukabonyea kupita kiasi.

"Mukanda iko mulegevu," Sadrack alisema, na sauti yake ilikuwa na uzito mwingine sasa, ule wa karakana. "Legeza buloni ya chini, kisha ya juu. Usitoe. Legeza tu. Halafu alternateri utaisukuma nje, mukanda ukaze. Unahitaji chuma kirefu."

Josée alitazama huku na huku. Kisha alikwenda jikoni akarudi na mchi wa kutwangia pondu, yale majani ya muhogo.

"Huo ni mti!"

"Na hii ganda ya alternateri ni laini," alisema, akiipapasa kwa vidole. "Chuma si kitaivunja?"

Sadrack mwenyewe aliwahi kuvunja ganda la namna hiyo kwa nondo, ujana wake, akalipa. Alimtazama mkewe akiutia mchi kati ya injini na alternateri, akiuegemea kwa nyonga huku mkono mwingine ukizungusha spana, jasho likimtiririka shingoni. Hakuwa na haraka. Kila buloni, yaani bolti, ilipogoma aliiacha kidogo, akafuta mkono kwenye kitenge, akairudia. Sadrack aliijua subira ile. Alikuwa ameisikia nyuma ya ukuta miaka yote ya ndoa yao, Josée akiwa kwenye cherehani yake ya kukanyaga, akifumua mshono uliokosewa na kuushona upya. Hakuwahi kuacha kazi yake akaenda kuitazama.

Walirudisha waya wa betri. Josée akawasha.

Gari lililia.

Lililia vilevile, labda zaidi. Upande wa pili wa barabara mtu alifunga dirisha. Sadrack aliinamisha kichwa, na mkono mzima ukaushika ule mgonjwa, ukaubana.

"Basi," alisema. "Mwite Alfani. Au uliuze. Mimi nimekwisha, Mama Déborah. Hata kusikia sijui tena."

Josée alikuwa amezima injini na kuinama ubavuni mwa gari, shavu likigusa bati, jicho moja limefumba. Alikaa hivyo kwa muda, kama mtu anayechungulia tundu la sindano.

"Papa Déborah," alisema taratibu. "Mukanda unakwenda upande."

"Nini?"

"Kwenye mashine yangu, mukanda wa ngozi ukilia, mara nyingi si ulegevu. Ni lile gurudumu la chini halikutazamana na la juu. Mukanda unapanda kwenye ukingo, unasuguliwa, unalia. Hapa pia. Gurudumu la alternateri limerudi nyuma. Kidogo sana, kama upana wa ukucha. Njoo uone."

Alimsaidia kuinuka. Akamwegemeza begani mwake, na Sadrack akaweka shavu lake mahali la Josée lilipokuwa, kwenye bati lililokuwa bado na joto la ngozi yake. Alifumba jicho moja. Aliufuata mkanda kwa jicho, kutoka gurudumu hili hadi lile, na akauona mpindo ule, mdogo, wa wazi kabisa kwa aliyejua kutazama.

Kitu kilifunguka kifuani mwake. Hakikuwa wivu, ingawa alikuwa amejiandaa kwa wivu.

"Leta maji," alisema haraka. "Kikombe. Washa, halafu mwaga tone moja moja kwenye mukanda, mbali na vidole vyako. Kama ni ulegevu, litalia zaidi. Kama ni upande, litanyamaza, halafu litaanza tena."

Josée aliwasha, akamwaga. Mlio ulikatika kama uliokatwa kwa mkasi. Wakangoja wakitazamana. Mkanda ulipokauka, mlio ukarudi.

"Mama Déborah!" Sadrack alipaza sauti. "Iko wewe! Umeiona kweli!"

Alicheka, mdomo ukipinda upande mmoja, bila kuuficha kwa kiganja kama alivyozoea. Sasa maneno yalimjia mbiombio, mengine yakiwa yamekosea mlango, na Josée akiyapokea yote. Buloni ya chini, alieleza, hukaa na rondela, kipande cha chuma cha duara chenye tundu, kinachoisogeza alternateri mbele. Alfani bila shaka alikuwa akimfikiria rafiki yake aliyelazwa, kipande kikamtoka mkononi kikapotea mchangani. Sadrack hakuona haja ya kumwambia Alfani.

Josée alimrudisha kitini, wakamwaga kopo la vyuma vidogo juu ya mkeka. Josée alizijaribu rondela moja baada ya nyingine. Iliyofaa ilikuwa nyembamba mno, na kuipenyeza huku buloni inaingia kulihitaji mkono wa tatu. Alijaribu, ikaanguka. Akajaribu tena.

"Ngoja," Sadrack alisema. Alinyoosha mkono wa kushoto ndani ya injini, akaishika rondela kwa ncha za vidole. Kiwiko kilitetemeka kwa kukosa pa kuegemea. Bila kufikiri aliinua paja lililobeba mkono wa kulia, akausukuma mpaka ukalala juu ya ukingo wa gari, akauegemeza wa kushoto juu yake. Mkono ule mgonjwa ulibeba uzito. Haukufanya zaidi ya hapo. Josée aliuona, akashusha macho upesi, akasukuma buloni ikaingia.

Safari hii alipowasha, hapakuwa na mlio. Palikuwa na mngurumo tu, wa chini na sawasawa, na mmoja wa wanawake wa bombani akapaza sauti kumpongeza: "Mama Déborah, félicitations!" Sadrack aliitikia kwa kichwa, kana kwamba salamu ilikuwa yake, na kwa namna fulani ilikuwa yake.

Josée hakubadilisha ovaroli. Walitoka Mangobo kuelekea Makiso, katikati ya mji, madirisha wazi, wakipishana na pikipiki na toleka zilizobeba kwanga, mikate ya muhogo. Sadrack alimtazama mkewe akiendesha, mikono yake myeusi kwa grisi, kidole gumba kimechubuka, na akajiuliza ni mambo mangapi mengine aliyajua mwanamke huyu ambayo hajawahi kumwuliza.

"Papa Déborah."

"Ee?"

"Na ule mwingine ni wa nini?"

"Mwingine gani?"

"Mlio. Iko chini, huku kwangu. Tak, tak, tak. Unakuja nikikata kona tu."

Sadrack hakuwa amesikia kitu. Mbele yao ulikuwa mzunguko wa barabara, na ng'ambo yake lilionekana paa la hospitali. Josée alikata kona, naye akainamisha kichwa kuelekea kwa mkewe, akasikiliza kwa mwili mzima, na chini kabisa, chini ya kila kitu, akausikia.

"Usitoke kwenye mzunguko," alisema. "Zunguka tena."

"Tutachelewa."

"Mara moja tu. Zunguka tena, polepole."

Josée alizungusha usukani. Mwendesha toleka aliyekuwa akingoja abiria pembezoni alilitazama gari likimpita, kisha likimpita tena, mwanamke mwenye ovaroli na mwanamume kando yake, vichwa vyao vimeinamiana, midomo wazi kidogo, wote wawili wakisikiliza.