Kofia ya Sigaa ya Mwisho

Kesho yake saa mbili asubuhi daktari angeondoa kisanduku cha sauti kooni mwa baba, na tangu hapo angepumua kwa tundu la shingoni. Pumzi isiyopita mdomoni haivuti sigaa. Ilikuwa leo au basi.

Sigaa yenyewe, nene, ya majani matupu ya tumbaku yaliyosokotwa kwa mkono, ilikuwa moja. Mama aliisokota katika wiki yake ya mwisho kazini, kwenye karakana ya sigaa, miaka sita iliyopita, miezi miwili kabla hajafariki. Baba, mchambuzi wa majani katika karakana hiyohiyo, aliihifadhi kwenye bati la biskuti pamoja na kitambaa alichokilowesha kila Jumapili ili isikauke. Binti yao ni mkaguzi palepale: hupima njia ya hewa, na sigaa iliyobana huikataa.

Mchana ule alimkumbusha baba kuwa daktari amemkataza. Baba akamuuliza, kwa sauti iliyokwaruza, kama daktari alihofia ataharibu koo linalokwenda kukatwa.

Juu ya meza ya jikoni palikuwa na kisu na kitoboleo. Baba alitaka kutoboa ncha iliyozibwa, ile inayoingia mdomoni. Binti akaeleza, kama anavyoeleza kazini, kwamba tundu dogo hukusanya lami ya tumbaku na kufanya moshi uwe mchungu. Afadhali kukata wima, unene wa sarafu, kofia yote itoke. Kofia ni kile kipande cha jani kinachofunga ncha. Wasokotaji wengine walikizungusha mara mbili. Mama, mara tatu.

"Ndicho alichokigusa mwisho," baba alisema. "Toboa."

Binti akatoboa. Baba akavuta bila kuwasha, mashavu yakabonyea, hewa haikuja. Binti akaichukua, akaibonyeza kwa kidole gumba toka mguuni, ncha ya kuwashia, hadi kichwani penye kofia. Chini kidogo ya kofia palikuwa na fundo gumu. Majani ya ndani yalikuwa yamepindwa na kushindiliwa hapo. Ingepita mezani kwake angeikataa.

Angeweza kusingizia miaka sita ya kukaa kwenye bati. Baba angeamini, au angejifanya kuamini.

"Haikukauka, baba. Ilisokotwa vibaya. Vidole vyake havikuwa na nguvu tena."

Baba aliigeuza sigaa taratibu. Alisema kila jioni wiki ile alimuuliza mama kama mikono inamuuma, na kila jioni alijibiwa kuwa yeye aulize hali ya majani yake. Alicheka naye. Akalala.

"Mimi nilikuwa nachambua majani hatua nne kutoka kwake," alisema. "Sikuona."

Binti alisema tu kilichowezekana: kukata chini ya fundo. Kofia ingetoka na kipande kirefu, na jani la nje, likikosa cha kulishika, lingefumuka.

"Kata, mkaguzi."

Alikata mara moja, bila kurudia. Kipande kikaanguka mezani. Jani la nje likaanza kufunguka. Akalibana kwa vidole viwili palepale lilipokatika, karibu na mdomo wa baba, naye baba akawasha. Safari hii moshi ulipita. Alivuta bila haraka, akisimama kukohoa, na binti aliinama vile kwa dakika arobaini, vidole vikigusa midomo ya baba kila alipovuta, mpaka joto lilipovifikia.

"Achia," baba alisema. "Utaungua."

Hakuachia mpaka baba alipomaliza.