Siku Niliyoshika Bendera Nyeupe

Kabla ya fainali ya mpira wa Kigaeli ya wasichana chini ya miaka kumi na nne, mimi Nuala nilikuwa sijaona mwamuzi wa goli asiye kipofu. Tangu Mei nilisimama kando ya viwanja vya Leitrim, kwetu Ireland, nikiwachambua kama karanga. Siku ya fainali mzazi wetu mmoja hakufika, na desturi yetu kila klabu hutoa mzazi mmoja wa kuamua kwenye kila goli. Fintan, kocha wetu, akanirushia koti jeupe.

"Wewe mwenye macho, haya, nenda."

"Fintan, mwanangu anacheza."

"Nani hapa mwanawe hachezi? Vaa."

Mkuki kwa nguruwe. Nikaenda, koti likinibana kifuani, hadi golini. Malachy, mzazi wa Kilnabrack, wapinzani wetu, alishasimama kwenye nguzo ya pili. Kazi yenyewe rahisi: mpira ukipita juu ya mwamba, katikati ya zile nguzo ndefu, unainua bendera nyeupe, pointi moja. Ukipita nje, unanyoosha mikono.

Dervla wangu alikuwa hajapata hata pointi moja msimu mzima. Kila jioni alipiga mpira kuupitisha juu ya paa la banda la ng'ombe, na kila siku ya mechi mguu ulimgeuka. Alishaniambia asipofunga kwenye fainali ataacha mpira, na huyu si mtoto wa vitisho. Kinanda alikiacha hivyo hivyo.

Dakika ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Tukapata mpira wa adhabu, wakampa yeye. Akapangusa mikono kwenye soksi, akapiga. Mpira ukapanda juu kuliko nguzo yangu, na watu wetu wakaanza kushangilia, maana kutoka kule kando ulionekana umeingia. Mimi nilikuwa chini yake. Ulipita nje kwa upana wa kiganja.

Malachy akanitazama. "Ni upande wako, Nuala. Mimi sikuuona vizuri. Ukiinua, sibishi."

Mungu anisamehe, bendera nilishaishika. Nilitaka mwanangu apate ile pointi kuliko nilivyowahi kutaka kitu changu mwenyewe. Nikaiacha, nikanyoosha mikono.

Nyumbani Dervla akapanda chumbani, chakula chake kikapoa mezani, na siku tatu akaninunia. Wengine wala hawakununa, walisema. Assumpta wa dukani aliniuliza kama Kilnabrack wameshanipa kadi ya uanachama.

Jumatano baada ya chai, Dervla akatokea jikoni amevaa viatu vya mpira.

"Mama, una kazi?"

"Vyombo tu."

"Njoo basi usimame nyuma ya goli. Nikipiga, Fintan kila mara ananiambia umeingia. Hata ukienda kwa kondoo, ati umeingia."

"Na mimi?"

Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, sikuuona uso wake. "Wewe utaniambia kweli."

Nikaviacha vyombo kwenye maji. Jioni ile alipiga mara ishirini. Kumi na moja zilitoka nje, na kila moja nilimwambia.