Wa Njano Hurudi Jioni

Kwenye kiwanda cha kutotoa vifaranga, mkanda wa mashine uliwaleta wakiwa bado na vipande vya maganda mgongoni, na Mama Watatu akawagawa kwa rangi. Wa hudhurungi kwenye boksi, wa njano kwenye pipa. Kazi yenyewe haikuhitaji miwani. Jogoo mwekundu akipandishwa kwa matetea weupe, majike hutoka na rangi ya baba, ambayo kwa kifaranga ni hudhurungi, na madume hutoka na rangi ya mama, ambayo kwa kifaranga ni njano. Majike watataga, kwa hiyo huuzwa. Madume wa aina ile hawana nyama ya maana wala mayai, kwa hiyo chini ya pipa kulikuwa na visu vinavyozunguka.

Jioni moja ya mvua wale wa njano walimfuata nyumbani. Walipenya chini ya mlango, wakajikung'uta, wakakusanyika karibu na jiko. Hawakuwa na vivuli. Mama mkwe wake, aliyekuwa akimenya viazi, aliinua kichwa.

"Hawa madume?"

"Madume, mama."

"Wote?"

"Wote."

Mama mkwe akaweka kisu chini, akatokwa na machozi ya furaha. Tangu mwanawe aoe alikuwa akisubiri dume ndani ya nyumba ile, na badala yake wakaja mabinti watatu mfululizo. Aliwatandikia wageni shuka lake jipya, lile ambalo hata yeye alikuwa hajalilalia.

Mwanawe, dereva wa lori, alirudi akawakuta wamejaa kwenye kiti chake. Hakuwafukuza.

"Angalau," alisema, akakaa sakafuni.

Kila siku ya kazi ilileta wengine. Mabinti wakahama kitandani kuwapisha. Chakula kiliwekwa mbele ya vidume kwanza, na kwa kuwa wafu hawali, kilikaa hapo mpaka kikapoa, ndipo wasichana wakaruhusiwa kusogea. Binti mkubwa, waliyezoea kumwita Kifungua Mimba, alinyang'anywa meza aliyokuwa akifanyia hesabu zake za shule, akahamia kwenye ngazi za nje.

"Nyumba imetubana," mama mkwe alisema. "Itabidi mmoja apungue."

Hakuna aliyeuliza apungue wa upande gani.

Mfugaji mmoja wa kuku wa mayai, mteja wa kiwanda, alikuwa anatafuta msichana wa kuokota mayai vizimbani. Angekula hukohuko na kulala hukohuko. Hapo Mama Watatu, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alipandisha sauti.

"Mtoto ana mtihani mwaka huu! Hebu mtazame, Baba Watoto. Pua yako, paji lako, mpaka huo mwendo wa kuburuta miguu. Wote watatu wamevaa rangi yako. Mimi nalipwa kuangalia vitu hivyo."

Mume alimtazama bintiye kwa muda, labda kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Kweli," alisema. "Ni mimi kabisa."

"Sasa?"

"Sasa rangi ni sawa. Na ukoo je? Nani ataubeba?" Akaonyesha kwa kidevu pale kwenye kiti, ambapo vidume walikuwa wakilia kwa sauti nyembamba.

Asubuhi gari la mfugaji lilifika kiwandani kuchukua wa hudhurungi. Kifungua Mimba alipanda nyuma, akabanana na maboksi, mfuko wa nguo magotini na daftari la hesabu ndani yake. Mama yake alimwona kupitia dirishani. Alitamani kutoka mbio akamshushe, lakini mkanda haukusimama, na mikono yake nayo haikusimama. Roho ilimuuma mpaka machozi yakamziba macho, na bado hakukosea kifaranga hata mmoja.

Jioni ile wa njano walirudi kama kawaida. Mama Watatu aliufungua mlango wote, akasimama kizingitini akiitazama njia, huku wakimpita miguuni mmoja mmoja. Alikuwa akitafuta wa hudhurungi nyuma yao. Tangu waanze kuja, hapakuwahi kuja wa hudhurungi hata mmoja.

"Funga mlango, mwanangu," mama mkwe aliita kutoka jikoni. "Wanapata baridi. Wameshaingia wote."

Akafunga.