Soma Kwanza, Ndipo Ufute

Ulikuwepo. Usijifanye hukuwepo. Mwaka jana msimamizi wa soko aliposema, "Sijawahi kuahidi paa," wewe uliinama ukaanza kupanga nyanya zilizokwisha kupangwa. Siku ya ahadi masikio yako yote mawili yalikuwa wazi. Mimi sisahau.

Mimi mshona viatu sikunyamaza. Nilibonyeza kinasa sauti changu mbele ya watu, kikasema kwa sauti ya msimamizi mwenyewe: "Nawaahidi, wafanyabiashara wangu, kabla ya mvua..." Halafu krrrr, kama panya ndani ya gunia. Watu wakacheka, msimamizi akacheka kuliko wote. Mvua ikatuishia mgongoni.

Mwaka huu alipoitisha mkutano mwingine, nilikipeleka kinasa sauti kwa dada yangu na mumewe. Ni mafundi wa vifaa vya umeme: meza moja, taa moja, na kikombe kimoja cha chai wanachogombania kutwa. Shemeji tunamwita Sabuni, kwa sababu hagusi kitu bila kukisafisha.

"Shemeji, nitilie chipu mpya humu. Mkutano ni alasiri."

"Hii hapa, bado inanukia kiwanda," alisema Sabuni, akiipachika kwenye kisomeo kilichoungwa na kompyuta. "Naifuta kidogo, halafu naifunga."

"Unafuta nini, baba we?" Dada hakuinua hata kichwa. "Alama umesoma?"

"Alama gani tena? Si mpya hii!"

"Ndiyo maana nauliza."

Akaweka chini chuma cha kulehemu, akanieleza mimi, ingawa aliyekuwa akiambiwa ni mumewe. Chipu ina vyumba vingi vya kutunzia sauti, na ni kawaida baadhi kutoka kiwandani vibovu. Kiwanda hakifichi, kila chumba kibovu hukitia alama. Kidhibiti, ndicho kinachoamua sauti ilale chumba gani, kikiamka mara ya kwanza huzunguka chumba kwa chumba. Kikikuta alama, kinakumbuka: humu haingii mtu. Lakini alama yenyewe imo ndani ya chumba hichohicho. Ukikifuta, umeifuta nayo. Kibovu kinaonekana kizima, kidhibiti kinakiamini, na maneno ya watu yanapotelea humo.

"Sasa ile ya mwaka jana," dada aliuliza polepole, "nani aliifuta?"

Sabuni akakichungulia kikombe cha chai kama aliyeangusha kitu ndani.

"Nilitaka iwe safi."

"Ukamsafishia msimamizi, mume wangu."

Nilijiandaa kukasirika, najua kukasirika, ni kazi yangu ya pili. Lakini Sabuni alijicheka mpaka miwani ikamwanguka, hasira ikanikimbia. Akaondoa kidole kwenye kitufe cha kufuta, akasoma alama zote, akaacha kidhibiti kizijue, ndipo akafunga kinasa sauti. "Nafasi imepungua kidogo," alisema. "Bora kidogo kinachosema kweli," dada akajibu, akamnyang'anya chai.

Alasiri ile msimamizi aliahidi paa tena, nami nikamnasa. Wiki zikapita, mafundi wa ujenzi hawakuonekana, tukamfuata. "Mimi? Paa? Nani kasema?"

Nikabonyeza. Neno kwa neno, hadi kikohozi chake. Safari hii hakucheka yeye, tulicheka sisi. Mama wa mchicha akamwambia, "Mwanangu, hata kikohozi nacho utakikana?"

Mabati yakaja. Mvua inanyesha sasa hivi ninapoandika, viatu vya watu vikavu kabisa mezani kwangu, na Sabuni amepita kuniletea chai. Kikombe kizima, peke yangu. Nimeridhika, sifichi.

Ila wewe sijakumaliza. Kesho asubuhi msimamizi huyohuyo anakwenda kuwaahidi wauza samaki wa upande wa pili, na wao hawana kinasa sauti. Changu kipo hapa, kimechajiwa. Acha hizo nyanya. Njoo ukichukue sasa, ukasimame mbele, ubonyeze.