Siku Baba Alipokataa Kufa Tena

Usiku wa kuamkia leo niliota baba yangu amekuja nyumbani kushtaki kwamba tunamuua mara nyingi mno.

Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, pale kwetu Same, amevaa koti lake la mvua la kazini. Jua lilikuwa kali, lakini koti lilikuwa linachuruzika maji. Baba yangu, Mzee Nikundiwe, alikuwa mpima mvua wa kituo cha hali ya hewa kwa miaka thelathini na moja. Kila siku saa tatu asubuhi alikwenda kusoma kipimo, na kabla ya saa nne alikuwa amesharudi kunywa chai. Alifariki miaka miwili iliyopita.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, Navone. Leo nimekufa mara tatu, na chai bado sijanywa."

Nikampa pole. Nilijua anazungumzia nini.

Mama yangu, Bi Namsifu, ana ugonjwa wa kusahau, ule ambao wataalamu wanauita demensia. Kila asubuhi inapokaribia saa tatu anauliza, "Baba yako yuko wapi?" Zamani nilikuwa namjibu mwenyewe. Namwambia, mama, baba alifariki. Anasikia kwa mara ya kwanza, na analia kilio cha mara ya kwanza. Baada ya nusu saa anauliza tena.

Mwezi wa nne wakaja watu wa mradi wa utafiti. Walimfunga mama bangili ya kutuonyesha alipo akipotea, wakatuachia na sanduku dogo jeupe linalosikia swali na kujibu kwa sauti ya mtu wa nyumbani. Fundi wao, Bwana Obedi, mtu wa makamo mwenye miwani mizito, alinirekodi sentensi moja moja: mama kunywa maji, mama umeshakula, choo kiko mkono wa kulia. Kuhusu majibu alinipa masharti matatu. Jibu liwe la kweli, liwe fupi, na lisibadilike, kwa sababu jibu linalobadilika linamchanganya mgonjwa.

Sentensi ya sita niliomba kurekodi peke yangu, mlango umefungwa. "Mama, baba alifariki. Tulimzika vizuri. Pole."

Tangu siku hiyo sanduku ndilo linalomwambia. Mimi nakwenda jikoni, nafungulia bomba kwa nguvu mpaka mwisho, naosha vyombo ambavyo ni visafi.

Sasa katika ndoto mama anatoka ndani. Ameshika nguzo ya baraza. Anampita baba pale kwenye kiti, sketi yake inagusa koti lililolowa, hamwoni. Ananitazama mimi.

"Baba yako yuko wapi?"

Kwenye sanduku pale dirishani sauti yangu inajibu. "Mama, baba alifariki. Tulimzika vizuri. Pole."

"Haya, tena," anasema baba. Anainuka. Anavua viatu, anavipanga sawasawa kando ya mlango, anajinyoosha kwenye mkeka na kufa.

Mama anapiga yowe. Majirani wanaingia na majembe. Hawaulizi kitu, wanajua njia. Mwinjilisti anasoma mstari wa kwanza tu, anafunga kitabu. Kwaya inafungua vinywa na kuvifumba bila kuimba, kisha wanakwenda kunawa mikono.

Ndipo nikautazama ua wetu. Ulikuwa umejaa makaburi. Yalianzia kwenye kamba ya kuanikia nguo, yakazunguka banda la kuku, yakafika getini. Kila kaburi lilikuwa na msalaba mdogo, na kila msalaba uliandikwa jina moja, Nikundiwe. Hakukuwa na tarehe. Ziliandikwa saa. Saa mbili na dakika hamsini. Saa tatu na robo. Saa tatu na dakika arobaini.

"Ni mangapi?" nikamuuliza jirani yetu, Mama Kiondo, aliyekuwa akifukia.

"Mia mbili kumi na nne. Ua umeisha, mwanangu. Hili la leo tumechimba sebuleni."

Nikachungulia. Kweli, walikuwa wamesogeza meza ya televisheni na kuchimba pale pale, mkato safi, saruji imekatwa kama mkate.

Mama Kiondo akafuta jasho kwa mtandio. "Hatukatai kuzika, Navone. Ujirani ni huo. Lakini tangu Jumatatu sijapalilia shamba langu. Na wewe hata kulia umeacha. Mama yako analia peke yake."

Nikajaribu kulia. Nilikaza uso, nikavuta pumzi, nikafikiria mambo ya kusikitisha. Hakukuja kitu. Mama alikuwa amekaa chini kwenye udongo, kanga imemteleza kichwani, analia kama alivyolia siku ile ya kweli hospitalini, sauti ile ile, na mkono wake wa kushoto ukipapasa hewani vile vile kutafuta mkono wangu. Siku ile ulinipata. Sasa nilikuwa nimesimama mbali kidogo, na mkono uliendelea kupapasa.

Baba akatokea jikoni akijikung'uta udongo.

"Umeona?" akasema. "Sikatai kwamba nilikufa. Nilikufa, sawa. Ninachoomba ni kufa mara moja tu, kama watu wengine."

"Tufanyeje, baba?"

"Twende kwenye kamati ya ule mradi."

Tukamwinua mama, kila mmoja upande wake. Lakini tulipofika getini, bangili ikaongea. Ilikuwa na sauti ya karani mwenye mafua.

"Mama haruhusiwi kuvuka mita hamsini."

Nikatazama nje ya geti. Baada ya mita hamsini hakukuwa na kitu chochote. Barabara ilikatika, mbuzi wa jirani alikatika katikati, nusu ya mbele ikitafuna majani. Ng'ambo ya hapo palikuwa peupe kama karatasi.

"Kamati iko mbali zaidi ya hapo," baba akaiambia bangili.

"Basi isogezwe," ikasema bangili.

Ikasogezwa. Kituo cha hali ya hewa kikaja hadi getini kwetu, chote, na nyasi zake fupi na uzio wake wa waya. Katikati kilisimama kile kibanda cheupe cha kuwekea vipimajoto, chenye miguu minne na ukubwa wa mzinga wa nyuki. Baba akafungua kimlango chake. Tukaingia sote watatu bila kuinama.

Ndani kulikuwa na ukumbi mrefu, wa baridi. Nyuma ya meza alikaa mwenyekiti wa kamati, ambaye ni kile kisanduku cha dawa za mama chenye vyumba saba vya siku za wiki. Vyumba sita vilikuwa vimefungwa. Jumatano peke yake ilikuwa wazi, na ndiyo iliyosema. Pembeni yake lilikaa sanduku jeupe, linapepesa taa ya kijani.

"Lalamiko," ikasema Jumatano.

"Nakufa," akasema baba.

"Jibu linalotolewa ni la kweli?"

"La kweli."

"Ni fupi?"

"Fupi sana."

"Linabadilika?"

"Halijabadilika hata siku moja."

"Kwa hiyo masharti yametimizwa. Kosa liko wapi?"

Baba alivua kofia, akaishika kifuani. Maji yalikuwa yanamtoka kwenye mikono ya koti na kutiririka sakafuni, na nikaona yanapita chini ya kiti cha mama bila kumlowesha.

"Kila linaposemwa, linatokea," akasema. "Mimi naweza kuvumilia, nimeshazoea kulala chini. Lakini huyu mke wangu amefiwa mara mia mbili kumi na nne. Hakuna mwanamke aliyeumbwa kwa kazi hiyo. Na akifiwa, anafiwa peke yake, kwa sababu anayemwambia ni sanduku, na sanduku halina mkono."

Jumatano ikapekua makaratasi, sijui kwa kidole gani.

"Fomu ya ridhaa ya mgonjwa ipo, ina kidole gumba. Fomu ya mtoto anayemtunza ipo, ina sahihi. Fomu ya marehemu?" Ikapekua tena. "Marehemu hakuridhia kushiriki?"

"Sikuulizwa."

"Mtu ambaye hakuridhia hawezi kutumika katika utafiti. Anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Weka kidole chini ya sanduku, pale panapotumika kubadilishia majibu. Jibu la sita litafutika."

Baba akanyoosha mkono. Hapo sanduku likasema, kwa sauti yangu, taratibu kabisa:

"Nikinyamaza, atamjibu nani?"

Wote wakanigeukia. Jumatano, bangili, baba. Hata mama alinyamaza kulia akanitazama, na macho yake yalikuwa angavu kama ya mwalimu anayesubiri jibu analolijua.

Nikafungua mdomo niseme, "Mimi."

Sauti haikutoka. Nilisukuma tena kwa nguvu, ikatoka hewa tu. Nikakumbuka kwamba niliirekodi mlango umefungwa, na sikuwahi kwenda kuichukua tena.

"Mimi," likasema sanduku.

"Nani amesema?" Jumatano ikauliza.

Nikajipiga kifua kuonyesha kwamba ni mimi.

"Ni mimi," likasema sanduku, na taa yake ikapepesa. "Ni mimi ninayemtunza. Ni mimi niliye naye saa zote. Yeye yuko jikoni."

Haikuwa sentensi niliyoirekodi. Lakini ilikuwa sauti yangu, na uchovu wangu, na hata kale kakohozi kadogo ninakokohoa kabla ya kusema jambo gumu. Nikamshika baba koti. Nilitaka kumwambia kwamba ni kweli, niko jikoni, kwamba naogopa ule uso wa mama unapopasuka upya, kwamba nimefika mahali namsikia mama yangu analia nami nahesabu vijiko. Kinywa kilifunguka na kujifumba kama cha wale wanakwaya.

Baba akanielewa bila neno. Ndivyo alivyokuwa hata akiwa hai.

"Na mimi nilimkimbia mama yako siku moja," akasema. "Siku tuliyomzika mdogo wako. Nilikwenda kituoni kupima mvua. Hakukuwa na mvua. Nilikaa kule mpaka jioni. Niliporudi, nilikuta ameniwekea chakula, na hakuniuliza kitu."

Kisha akaliinua sanduku, akaligeuza, akalibonyeza tumboni kwa kidole gumba chake chenye kovu. Taa ya kijani ikawa nyekundu, ikazimika. Sanduku lilivuta pumzi moja ndefu, pumzi yangu, halikuitoa.

Nikahisi kitu kinanishuka kooni, kizito na cha moto, kama tonge lililomezwa kwa haraka. Kuta za ukumbi zikaanza kupitisha mwanga kwenye mianya yake. Baba alikuwa anavaa kofia.

"Saa tatu inakaribia," akasema. "Acha nikawahi kipimo."

"Baba, ngoja. Nimwambie nini?"

Sauti yangu! Ilitoka mbovu, ya kukwaruza, lakini ilitoka kwangu. Baba alikuwa ameshafika mlangoni.

"Chochote. Lakini kaa naye karibu unaposema."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilikaa kitandani muda mrefu, kisha nikafanya kazi za asubuhi kama kawaida: nikamwogesha mama, nikamvisha, nikamkalisha kwenye kochi lake, nikawasha jiko. Sebuleni sakafu ilikuwa nzima. Sanduku lilikuwa mahali pake dirishani, taa yake ya kijani ikiwaka. Nikajicheka kidogo.

Saa tatu kasoro dakika kumi nikamsikia.

"Baba yako yuko wapi?"

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye bomba. Nikasubiri. Sanduku halikujibu.

"Jamani, baba yako yuko wapi?" Mara hii sauti ilianza kutetemeka.

Nikaliacha bomba. Nikaenda sebuleni, nikakaa kwenye kochi ubavuni mwake, nikamshika mkono wa kushoto. Ulikuwa wa baridi. Nilikuwa sijaushika hivi, bila kumvisha wala kumnawisha, tangu mwezi wa nne.

"Amekwenda kupima mvua, mama."

Akanitazama kwa mashaka. Akatazama nje, kwenye jua na vumbi.

"Kiangazi chote hiki?"

"Ndiyo, mama."

Akafikiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa yowe. Badala yake uso wake ukalegea, akaanza kunipapasa vidole kimoja kimoja kama anavihesabu.

"Ni kweli," akasema. "Hata kama haikunyesha, lazima aende aandike sifuri." Kisha akaanza kusimulia jinsi mwaka fulani alivyomfuata huko kituoni na chupa ya chai, wakainywa wawili wamekaa kwenye nyasi, na mkubwa wa baba kazini akawakuta. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Nami nikalia, nikicheka pamoja naye, na hakuuliza kwa nini.

Aliposinzia nikampigia simu Bwana Obedi kumwambia kwamba sanduku lina hitilafu.

"Ah, dada Navone, ndiyo nilikuwa nataka nikupigie mimi," akasema. "Halina hitilafu. Naona hapa kwenye kompyuta jibu la sita limefutwa leo alfajiri. Umelifuta wewe?"

"Hapana."

"Na si mama?"

"Mama alikuwa amelala. Na hajui linavyofutwa."

Nikamsikia anabofya, anabofya tena.

"Ajabu. Tulisajili vidole viwili tu, chako na cha mama. Hiki kilichofuta ni cha tatu. Kidole gumba kipana, kina kovu katikati, na mashine imeandika kwamba kilikuwa kimelowa." Akakohoa. "Samahani kuuliza, dada. Kuna mzee mwingine anaishi hapo nyumbani?"

Nikamtazama mama pale kwenye kochi, mdomo wazi kidogo, mkono wake bado ndani ya wangu.

"Yupo," nikasema. "Ametoka kidogo."