Kumfundisha Sajini Kipaza Kunong'ona

Tangu nizaliwe sijaona mtu aliyetulia kwa kupigiwa kelele atulie. Nimeona waliotulia kwa kuchoka, kwa sindano na kwa kukaliwa mgongoni, na mimi mwenyewe nimetulia kwa njia zote tatu. Lakini polisi wanaliamini sana neno hilo. Wakifika penye mgonjwa wa akili, wa kwanza anafoka "Tulia!", wa pili anafoka zaidi asije akaonekana hana kazi, na baada ya dakika moja wasiotulia ni wao peke yao.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu linatazamana na kituo cha polisi, na kazi yangu kubwa ni sare zao: kupunguza, kuongeza, kubadilisha zipu, kurudishia vifungo vilivyoshindwa na vitambi. Pia nina ugonjwa wa akili. Daktari ana jina lake refu, nyumbani dada yangu mkubwa husema tu, "Umeanza." Naweza kukaa mwaka mzima au hata mitatu nameza dawa, nashona, nasengenya kama binadamu wengine, halafu siku moja usingizi unakata, vitambaa vinaanza kusema nami, nami navijibu. Hapo dada anaita watu.

Miaka kama minne iliyopita alikuja nyumbani Sajini Kipaza. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa sababu kabla ya kuingizwa kwenye doria alifundisha gwaride miaka kumi na tisa, na sauti yake haijawahi kutoka uwanjani. Akikusalimu wewe, anaitika jirani. Siku ile alinifokea, nikaogopa, nikang'ang'ania meza, naye akanibandua. Kidole gumba cha mkono wangu wa kulia kikavunjika. Fundi bila kidole gumba ni sawa na mpishi bila ulimi. Nilikaa miezi minne sishiki sindano, nikiangalia cherehani yangu ikifunikwa na vumbi, na nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote.

Yeye hakunikumbuka. Nilipopona alileta suruali yake kama mteja yeyote, akaniita fundi, akausifu mshono. Nikampima kiuno, nikaandika, nikashona pungufu ya inchi moja. Nilimfanyia hivyo kila suruali kwa miaka mitatu. Akilalamika, namwambia ni umri. Aliacha sukari, akaacha chakula cha usiku, akaanza kukimbia asubuhi akihema kama injini mbovu, na suruali hazikumwonea huruma. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hiki nilikuwa nimekishona kwa nyuzi mbili.

Basi mwaka huu hospitali na polisi wakakubaliana kwamba askari wafunzwe namna ya kuhudumia watu kama mimi. Sista, muuguzi wa wodi ninayolazwa, akaja dukani.

"Tunatafuta mtu wa kuigiza mgonjwa," akasema.

"Umeona nina kipaji?"

"Una uzoefu."

Nikamwambia sitaki kuwa kichekesho cha polisi, wakitaka kucheka wajiangalie kwenye kioo. Sista si mtu wa kubembeleza. "Ukianza tena, atakayekuja ni mmoja wao," akasema. "Unataka aje amefundishwa na nani?"

Hilo likaniingia. Kwa sababu nitaanza tena. Ndugu na majirani hawapendi kusikia hivyo. Wanataka niseme nimepona, yamekwisha, tumshukuru Mungu. Hayajakwisha. Ninaishi nikijua kuna siku nitasimama mbele ya mtu mwenye pingu, na usalama wa vidole vyangu utategemea akili zake, maana zangu zitakuwa safarini. Na doria ya mtaa wetu ni ya Kipaza. Nikakubali.

Mafunzo yalifanyika kwenye bwalo la kituo, meza zimesukumwa ukutani, sakafu inanuka sabuni ya choo. Askari walikuwa kumi na wawili. Kila mmoja alipewa kadi yenye maneno ya kumwongoza: jitambulishe, sema polepole, usizibe mlango, uliza anahitaji nini. Sista akawaambia, "Fundi ataingia. Mtamhudumia."

Nikaingia, nikakaa kwenye kona, nikainamisha kichwa, nikaanza kuhesabu vidole vyangu. Ndivyo ninavyokuwa, mimi si wa kurusha mawe. Wakaningoja. Zikapita dakika tano, wengine wanapiga miayo.

"Anaanza saa ngapi?" mmoja akauliza.

"Ameshaanza," akasema Sista.

"Mbona havui nguo?"

Nilitaka kunyanyuka nikamwoneshe kichaa cha kweli, ila Sista alinikata jicho. Wa kwanza kunijia alikuwa koplo mmoja mwembamba, mpole, ambaye hakuwa na neno hata moja lililotoka moyoni. Yote aliyasoma kwenye kadi. Mahali palipoachwa wazi ili aweke jina lake, akasoma kama palivyo. "Shikamoo mama," akaniambia, "mimi naitwa nukta nukta nukta." Wa pili aliniuliza vizuri nahitaji nini, na huku ananipekua mifuko. Wa tatu aliniambia pole, akanitaka kitambulisho.

Kisha akaja Kipaza. Alisimama wima, visigino vimegusana, kadi ameinyoosha mbele ya pua. "MIMI NI RAFIKI!" akanguruma. "SINA NIA MBAYA!"

Vikombe vikatikisika kabatini. Askari wenzake walikuwa hoi kwa kicheko, nami nilidhani nitacheka pia. Badala yake nikajikuta nimeuficha mkono wa kulia kwapani, nalia. Sikuwa naigiza. Nilikuwa namwogopa mtu yule, na nilijionea aibu kwa kumwogopa mbele ya kadamnasi. Sista akasimamisha zoezi, akaandika sifuri.

Mpaka siku ya tatu wote walikuwa wamefaulu, hata Koplo Nukta, isipokuwa Kipaza. Alijaribu mara tano. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu walishamkausha. Akijaribu kusema polepole, ilikuwa radi ile ile, ila ya mwendo wa konokono. Mchana ule, kabla ya jaribio la mwisho, alivuka barabara akaja dukani. Uso umemshuka. Akasema suruali imembana tena, hawezi kufanya mtihani huku anashindwa kupumua.

Nikamzungushia futi ya kitambaa kiunoni. Akainama kidogo, akaangalia mlangoni kama kuna mtu.

"Fundi," akasema, "ni ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Usitaje kwa nguvu, tafadhali. Andika arobaini."

Nikabaki nimeshika futi. Ilikuwa sauti ndogo, laini, ya mtu anayeomba asiaibishwe.

"Sajini, hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Sauti gani?" akasema, bado ananong'ona.

"Hiyo! Ukienda kwa mgonjwa, ongea naye kama unavyoongea ukipimwa kiuno. Basi. Kadi tupa."

Akautazama mkono wangu wa kulia. Kisha, kwa sauti ile ile, akasema, "Siku ile ulipolia, ulificha mkono. Ndipo nikakukumbuka. Kile kidole ni mimi."

"Najua ni wewe. Unadhani suruali zinakubana kwa nini?"

Akaitazama suruali. Akanitazama. Akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Miaka mitatu!" akanong'ona. "Fundi, nimeacha sukari!"

"Na mimi niliacha sindano."

Akakaa kwenye benchi la wateja, akasema, "Nisamehe." Nikamwambia nitafikiria. Sikumsamehe, tusidanganyane, msamaha si kitufe. Nilichofanya ni kufumua ile inchi moja, nikaishona upya akingoja, naye akaenda mtihanini anapumua. Alifaulu kwa alama ya mwisho kabisa, mkono mmoja ameshikilia mkanda muda wote kama anayepimwa kiuno, jasho linamtiririka.

Miezi mitano baadaye nikaanza.

Mengine nayakumbuka, mengine nimesimuliwa na dada. Ilikuwa asubuhi, jua limeshawaka. Nilikuwa nimekatakata suruali kumi na moja za kituo kizima, kwa sababu zilikuwa zinanisema, na maneno yenyewe siwezi kuyarudia mbele ya watu wenye heshima zao. Mkononi nilikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia. Majirani walishajaa nje, kila mmoja ana ushauri. Dada alikuwa anawasihi waondoke, wapi!

Akaja Kipaza na Koplo Nukta. Dada anasema Kipaza aliwageukia wale watu kwanza. "TAWANYIKENI!" Mtaa mzima ukatawanyika, pamoja na mbwa mmoja aliyekuwa anapita zake. Kisha akavuta pumzi, akaingia ndani, akakaa benchini, mbali na mlango, mikono ameiweka magotini.

"Fundi, ni mimi," akasema kwa ile sauti ya kiunoni. "Sina haraka."

Nilimwelekezea mkasi. Dada anasema hapo yeye mwenyewe alifumba macho, akasubiri kusikia kelele, akasubiri kunisikia nikilia. Hakusikia chochote. Alipofumbua, Kipaza alikuwa pale pale, mweupe kama chaki, bado amekaa. Koplo alikuwa ameganda kizingitini na mkono kwenye pingu, na Kipaza alimfanyia ishara moja tu ya kidole, auondoe.

Nikamwambia suruali zinanitukana. Akaniuliza, "Zinakuumiza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Pole." Sikumbuki vingi vya siku ile, lakini hiyo pole naikumbuka, kwa sababu mpaka siku hiyo polisi alikuwa hajawahi kunipa moja isiyotoka kwenye kadi.

Tulikaa hivyo. Mimi nakata, yeye anaangalia. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia. Kila baada ya muda ananiambia kitu kidogo: kwamba dada yupo, kwamba Sista anatungoja, kwamba tutakwenda nikitaka. Kisha akaanza kuhangaika benchini, anakunja mguu huu, anakunjua ule.

"Fundi, samahani. Choo chako kiko wapi?"

Sasa, choo changu kiko nyuma, na mlango wake una ubishi wa kuzaliwa nao. Haufunguki mpaka uuinue kwa mikono miwili huku unausukuma kwa goti. Mgeni hauwezi. Nikaona mtu mzima ataumbuka dukani kwangu. Nikauweka mkasi mezani, nikatangulia, nikamfungulia.

Niliporudi mkasi haukuwepo. Koplo Nukta alikuwa ameufunika kwa kofia yake, na kofia nayo ameikalia, anaangalia dari kama mtoto aliyemaliza sukari. Hadi leo sijui kama ile ilikuwa hila au kibofu. Nimemwuliza Kipaza mara kadhaa, hajibu. Dada anasema alikaa mle ndani muda mrefu sana kwa mtu wa hila.

Alipotoka, akaniuliza kama nataka gari au miguu. Nikasema miguu. Tukaenda, mimi mbele, yeye pembeni yangu, dada nyuma na mfuko wa nguo zangu, koplo nyuma kabisa, bado amekumbatia kofia yake na mkasi. Pingu zilibaki kwenye mkanda. Watu walituangalia kama kawaida yao, lakini nilikuwa natembea kwa miguu yangu, na mikono yangu ilikuwa wazi nikiipunga nipendavyo.

Wiki ya tatu, akili ziliporudi nyumbani, Sista alinipa faili langu nilisome; ana tabia hiyo, anasema ni langu. Ukurasa wa safari iliyopita uliandikwa: "Ameletwa na polisi. Alikuwa mkaidi." Nikafungua ukurasa mpya. Palipoulizwa mgonjwa ameletwa na nani, palikuwa na mwandiko wa Kipaza, herufi kubwa tupu, maana mtu yule hata kalamu yake inapiga kelele. Aliandika: AMEKUJA MWENYEWE. SISI TULIMSINDIKIZA.

Ulikuwa uongo, au nusu yake. Bila yeye ningekuwa bado dukani nagombana na suruali. Polisi wamewaandikia watu uongo mwingi, na mimi nimepata fungu langu, lakini huo niliusoma mara tatu nikiwa nimekaa kitandani, nikalia kwa namna ambayo Sista alianza kuniangalia kwa jicho la kazi.

Kisha akachukua kalamu. Akasema kwa taratibu za hospitali hapo panatakiwa jina na namba ya askari aliyenileta, kwa hiyo itabidi asahihishe.

Nikalikumbatia faili kifuani kwa mikono yote miwili. Nikamwambia akithubutu kugusa hata herufi moja, naanza upya papo hapo.